Mama zetu, rozari na kaunta buku

Tuliokulia Uingereza tunamsherehekea mama mara mbili kwa mwaka, na mara zote mbili kuna mtu anatuambia tumekosea tarehe. Mwezi wa tatu ukiweka picha ya Mama kwenye status, binamu wa Moshi wanauliza mbona umekurupuka. Mwezi wa tano wao wakianza kutuma maua ya WhatsApp, huku maduka yameshaondoa kadi za akina mama na kupanga za akina baba. Wenye ndugu Muscat wanayo ya tatu, tarehe 21 Machi, ambayo nchi za Kiarabu ziliichukua kutoka Misri.

Ya Mei ilianzia Marekani. Anna Jarvis wa West Virginia aliianzisha 1908 kumkumbuka mama yake mzazi, Rais Wilson akaitangaza rasmi 1914, na baadaye Anna huyohuyo akamalizia miaka yake akigombana na wauza kadi na maua kwamba wameiharibu. Ya Uingereza ni habari nyingine, na sisi Wakatoliki inatuhusu kuliko tunavyodhani. Inaangukia Dominika ya Nne ya Kwaresima, ile ambayo padre anavaa rangi ya waridi badala ya zambarau na Kanisa linapumua kidogo katikati ya mfungo. Zamani somo la siku hiyo lilikuwa la Mtakatifu Paulo kwa Wagalatia, pale anaposema Yerusalemu ya juu ndiyo mama yetu. Watu wakawa wanarudi siku hiyo kwenye kanisa mama, na watumishi wa majumbani wanapewa ruhusa ya kwenda kwao. Njiani wanachuma maua, wanampelekea mama. Desturi ilikuwa imefifia sana mpaka Constance Penswick Smith, binti wa mchungaji wa Kianglikana, alipoanza kuipigania kuanzia 1913.

Yaani siku ya mama ya huku ilianza kama siku ya kurudi nyumbani. Nilipomweleza Mama hayo alisema, "Kumbe na wao walikuwa na likizo ya Desemba." Mama ni Mchagga, mtamsamehe.

Kwenye parokia yetu, mji wa Midlands ambao hautakuwa na jina humu, watoto wanagawa vishada vya daffodili baada ya komunyo. Kila mama anapewa, hata asiye na mtoto, na hilo nalipenda. Padre anawabariki, tunapiga makofi, Misa inaisha. Kisha familia nyingi zinawapeleka mama zao kula nje. Mama zetu wanaweka maua kwenye glasi dirishani, jikoni kwa ukumbi wa parokia, wanafunga kanga juu ya magauni ya Jumapili na kuanza kuosha vikombe, kwa sababu Dominika ya nne ni zamu ya jumuiya ya Kiswahili kutoa chai. Imekuwa hivyo tangu niko shule ya msingi. Hakuna aliyewalazimisha, na ukijaribu kuwatoa pale wanakuona unawavuruga. Lakini inanifanya nijiulize shukrani zetu zinaishia wapi. Nani kama mama tunaimba wote. Sahani nani anapangusa?

Sasa nieleze hiyo jumuiya ilitoka wapi, maana wengi wetu tulizaliwa tukaikuta na tukadhani ilikuja na nyumba.

Mama alifika 1988. Makanisa Katoliki yalikuwepo, tena mazuri, yana joto na viti vya mbao vilivyong'aa. Kilichokosekana ni watu wa kumwuliza. Tanzania ukitaka kubatiza mtoto, kufunga ndoa au kuzika, swali la kwanza ofisini kwa paroko ni: jumuiya yako ni ipi? Bila mwenyekiti wa jumuiya kukutambua, wewe ni mpita njia tu. Maaskofu wa Afrika Mashariki na Kati, wale wa AMECEA, walikutana Nairobi 1976 wakaziweka Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo kuwa njia yao ya kujenga Kanisa: nyumba chache za jirani, zinasali pamoja kila wiki, zinajuana nani mgonjwa, nani ameachishwa kazi, nani hajaonekana. Kongo walikuwa wameanza mapema zaidi. Mama alikuwa msichana wakati huo, akaikua ndani yake kama sisi tulivyokua ndani ya uwanja wa mpira wa shule. Alipojiandikisha parokiani hapa, karatasi ilimuuliza postikodi.

Walianza wanne. Mama, mama mmoja wa Songea ambaye Mama alimsikia sokoni Jumamosi akihesabu ndizi kwa Kiswahili, akamwendea hapohapo na kumwamkia, mama wa Machakos aliyekuwa akifanya kazi ya kufua mashuka hospitalini, na dada mmoja wa Bukoba aliyekuwa anasoma, ambaye baadaye alirudi nyumbani. Miaka kadhaa mbele akaja mama wa Bukavu na watoto watano, yeye haiiti jumuiya, anaiita shirika kama kwao. Kiswahili chake kilitufurahisha watoto, na chetu kilimfurahisha yeye.

Tofauti na nyumbani, hawakuwa majirani. Mmoja alikuwa maili 20 upande huu, mwingine mabasi mawili upande ule. Dar es Salaam jumuiya nyingi zinasali Jumamosi alfajiri. Hapa waliweka Jumamosi saa kumi jioni, kwa sababu zamu za usiku kwenye nyumba za wazee zinaanza saa mbili na wote walikuwa wanalea wazee wa watu. Nakumbuka mifuko ya sare za kazi imepangwa kwenye korido karibu na viatu. Rozari, somo, tafakari, michango, chai, basi la kwenda kazini. Televisheni inafunikwa kitambaa, sijui kwa nini, labda isiwatazame. Sisi wavulana kazi yetu ilikuwa kubeba viti kutoka ghorofani na kuvirudisha. Mwenyekiti, kwa miaka karibu yote, alikuwa mwanamume mmoja mpole aliyekuja mara moja kwa mwezi. Hilo nalo mlijue, halafu tuendelee.

Jumamosi ilikuwa siku ya Matendo ya Utukufu. Mwaka 2002 Papa Yohane Paulo II akaongeza Matendo ya Mwanga, ratiba ikasogea, Jumamosi ikawa ya Matendo ya Furaha. Mama wa Songea hakufurahi hata kidogo. Alisema amezoea kumaliza wiki na utukufu na sasa wanamrudisha mwanzo. Alitii, lakini kwa muda mrefu ilipofika Jumamosi alikuwa anavuta pumzi kabla ya kutaja fumbo la kwanza, ili tujue.

Kuna jambo la lugha hapa ambalo nadhani litawagusa wengi mnaotusikiliza. Ninao marafiki, watu wazima, hawawezi kuagiza chai kwa Kiswahili bila kugugumia, lakini ukiwaamsha usiku wa manane watakuitikia litania ya Bikira Maria yote. Neno letu la kwanza refu halikuwa "ninakwenda" wala "asante sana". Lilikuwa "utuombee". Tulilisema mara hamsini kila Jumamosi kabla hatujajua lina vipande: u, wewe, tu, sisi, ombea, omba kwa ajili ya. Nilipofika darasa la Kiswahili chuo kikuu na mwalimu akaanza kueleza kauli ya kutendea kwa jasho jingi, nikaona mbona hili ninalo tangu sijaota meno ya mbele. Kiswahili chetu cha kwanza kilikuwa cha neema, rehema, fumbo, sadaka, na cha kumwita Maria kwa majina ya mnara na nyumba na nyota. Cha kuulizia kituo cha basi kilikuja baadaye, na kwa baadhi yetu bado hakijafika. Watu wanatucheka tukiongea kama wahubiri. Basi wajue tulifundishwa na nani, na saa ngapi ya siku, baada ya zamu gani.

Daftari nalo. Mwaka juzi Mama alifanyiwa upasuaji wa goti, akashindwa kukaa vikao virefu, na jumuiya ikanikabidhi uweka hazina kwa sababu mimi ni mhasibu. Nilitegemea faili. Nilipewa kaunta buku tatu zenye jalada gumu jeusi, ya kwanza imeanza 1991. Nimekagua hesabu za makampuni makubwa na sijaona vitabu vinavyofunga vizuri hivi. Kila penseli ya somo la komunyo ya kwanza imo. Mchele kilo 10. Soksi nyeupe jozi 7. Nauli ya basi kumtembelea mgonjwa, kwenda na kurudi. Fomu za uhamiaji za mama wa Bukavu, malipo ya wakili, awamu nne, kila awamu na orodha ya waliochangia, paundi tano, paundi mbili, paundi moja na senti. Palipo na mtu aliyekosa mchango, hakuna deni lililoandikwa. Pameandikwa tu "yuko".

Nilimwuliza Mama maana yake. Akasema, "Si yuko? Alikuja, alisali. Unataka niandike nini?"

Kwenye ukingo wa kurasa kuna misalaba midogo ya kalamu nyekundu, bila maelezo. Nikadhani ni alama za kuhakiki. Kumbe ni novena. Kila mtoto wa jumuiya aliyekuwa na shida, wakati wa mitihani, kesi, ugonjwa, walimsalia siku tisa na kuweka msalaba kila siku iliyokamilika. Ukurasa mmoja wa 2014 una misalaba tisa kwa jina la dada yangu. Mwanawe alizaliwa wiki ya 27. Nilikuwa pale hospitalini, nakumbuka mashine na nakumbuka kahawa mbaya ya korido. Sikujua kwamba usiku huohuo kulikuwa na zamu nyingine inaendelea: wale akina mama waligawana saa za usiku, kila mmoja akiwa kazini kwake, kwenye nyumba ya wazee yake, akisali rozari mfukoni mwa sare kati ya kumgeuza mzee huyu na kumbadilisha yule. Saa saba usiku mama wa Machakos. Saa nane Mama. Saa tisa mama wa Songea. Yote imeandikwa, na majina ya vituo vyao vya kazi, kama vile kuna mkaguzi atakuja kuuliza.

Huyo mtoto ana miaka yake sasa na anasumbua sana.

Nyumbani kazi hii ina jina na sare. WAWATA, Wanawake Wakatoliki Tanzania, ilianza 1972, na walipotimiza miaka 50 mwaka 2022 walijaza Uwanja wa Benjamin Mkapa. Mama na wenzake waliangalia kwenye simu, wameiegemeza kwenye birika, kila mmoja amevaa kitenge alichotumiwa. Vitenge vilifika kwa posta wiki mbili kabla, na forodha wakatoza. Na hiyo imo kwenye daftari.

Nataka kusema kidogo kuhusu Mtakatifu Monika, maana yeye ndiye aliyetuingiza kwenye mazungumzo ambayo hatukuwa tumejiandaa nayo. Sikukuu yake ni 27 Agosti, na mahubiri huwa yaleyale: alimlilia mwanawe Augustino miaka mingi, mwana akaongoka, basi mama msichoke kulia. Sina ugomvi na machozi. Nimechoka tu kusikia kwamba mama ni mtu wa kulia, kwa sababu ninaowajua mimi muda mwingi walikuwa wanapanga ratiba. Ukimsoma Augustino mwenyewe kwenye Maungamo yake, unakutana na mama wa kuhama nchi. Mwafrika wa Thagaste, ambayo leo ni Souk Ahras, Algeria. Mwanawe alimdanganya bandarini Carthage kwamba anamsindikiza rafiki tu, akapanda meli usiku kwenda Italia huku mama yuko kanisani anasali. Monika akavuka bahari kumfuata. Dhoruba ilipowakuta njiani, abiria huyu mwanamke ndiye aliyewapa moyo mabaharia.

Halafu akafika Milano, na hapa ndipo mama wa Songea aligonga meza. Huko kwao Afrika ilikuwa desturi kupeleka uji, mikate na divai kwenye makaburi ya mashahidi, watu wanaonja pamoja. Monika akaenda na kikapu chake kama alivyozoea. Bawabu akamzuia mlangoni: askofu Ambrosi amekataza. Tulikuwa tunawasomea kwa Kiingereza na kutafsiri, jumuiya ya Agosti mwaka jana, sebuleni kwa dada yangu. Tulipofika hapo akina mama wakaangaliana, wakaanza kucheka mpaka mama wa Machakos akatoa miwani. Kuna parokia fulani, zamani, sitaitaja, iliwahi kubandika tangazo ukumbini kuhusu "vyakula vyenye harufu kali". Pilau letu halikutajwa. Hapakuwa na haja.

"Sasa huyo Monika alifanyaje?" akauliza mama wa Bukavu.

Nikawaambia alitii bila kunung'unika. Alirudisha kikapu, akawa anakwenda na sala tu, na alichonacho akawapa maskini.

"Alitii," Mama akasema, "lakini hakuacha kwenda."

Tukaendelea kusoma. Mwaka 387, Augustino ameshabatizwa, wako Ostia, bandari ya Roma, wanasubiri meli ya kurudi Afrika. Monika anaugua homa. Huyu mama alikuwa ameshajiandalia kaburi kwao pembeni ya mume wake, na kwa miaka alikuwa akilifikiria sana. Ndugu yake Augustino anasema afadhali angefia nyumbani kuliko ugenini. Monika anamkata jicho. Anawaambia mwili huu uzikeni popote, msihangaike nao. Ombi lake ni moja tu: popote watakapokuwa, wamkumbuke kwenye altare ya Bwana. Akafa akiwa na miaka 56 hivi.

Sebule ikanyamaza. Kama una mzazi wa kizazi kile unajua kwa nini.

Wachagga wanazikwa kwenye kihamba, shamba la migomba na kahawa la ukoo. Baba yuko Kibosho, chini ya migomba aliyoipanda babu, tangu 2011. Tulimpeleka sisi wenyewe, kwa hiyo najua hatua: cheti cha kifo, ruhusa ya afisa wa uchunguzi wa vifo ya kuutoa mwili Uingereza, cheti cha kuhifadhiwa kwa dawa, jeneza lenye bati ndani, nafasi kwenye ndege, halafu simu za usiku kujua umefika KIA au umekwama Nairobi. Michango ilitoka kila kona, na wale akina mama ndio waliokusanya. Jumuiya yetu imeshasafirisha watatu. Imezika wawili hapahapa, mmoja kwa sababu watoto walitaka kaburi wanaloweza kulitembelea Jumamosi, mwingine kwa sababu fedha hazikutosha na hakuna aliyetaka kulisema kwa sauti. Kuchoma mwili Kanisa linaruhusu tangu 1963, kwa sharti kwamba majivu yawekwe mahali patakatifu, yasitawanywe wala kukaa kabatini. Ukiwatajia hilo akina mama wanakuuliza kama umekula.

Mtoto hamwulizi mzazi swali hili. Kwa hiyo hatukuuliza. Mama wa Songea ndiye aliyesema polepole, "Huyu mama alikuwa na akili." Na mama wa Machakos: "Alikuwa na akili, lakini mimi Ukambani mtanipeleka."

Mama alikuwa ameinua mguu kwenye kigoda. Akasema, "Mimi nirudisheni Kibosho, kwa baba yenu. Hilo tumeshamaliza." Akaangalia goti lake kidogo. "Lakini hilo neno la altareni nalitaka. Kibosho sina wasiwasi. Kule kuna Misa kila siku, kuna WAWATA, kuna masista, watasali mpaka wachoke. Nauliza hapa. Mimi hapa nimesali miaka 37. Monika alikuwa na mtoto aliyekuja kuwa askofu. Mimi nina nesi na mhasibu. Siku ya arobaini padre akianza litania hapa, nani ataitikia?"

Dada yangu akasema, "Si tupo, Mama."

"Mpo," Mama akasema. "Nani ataongoza?"

Na hilo, ndugu zangu, ndilo swali lenyewe. Kuitikia tunaweza sote, kuongoza ni kitu kingine. Tulipopima siku ile tulikuwa watu tisa wa chini ya miaka arobaini, na aliyejua mafumbo yote ishirini kwa mpangilio bila simu alikuwa mmoja, binti wa mama wa Bukavu, naye anahamia Glasgow. Misa ya Kiswahili tunayo mara moja kwa mwezi, Dominika ya pili saa nane mchana, na inategemea padre mwanafunzi kutoka Tanzania au Kenya anayepatikana kwa treni. Anayempigia padre ni Mama. Anayempokea stesheni ni mama wa Songea, kwa gari ambalo hapaswi tena kuliendesha jioni. Anayempikia ni mama wa Machakos. Anayehakikisha kuna mtu wa kusoma somo la kwanza ni mama wa Bukavu, kwa kukushika mkono mlangoni. Ukiwaondoa hao wanne hiyo Misa haipo, hata kama tungejaza kanisa kwa watu wanaowashukuru.

Kwa hiyo tumeanza, kwa taabu. Dada yangu anaongoza litania na anasoma kwenye karatasi, ameiandika kwa herufi kubwa, haoni haya. Kijana mmoja aliyesema Kiswahili chake "kimekufa" anasoma somo la kwanza mara moja kwa miezi miwili; anajifunza wiki nzima kwenye gari akienda kazini, na siku yenyewe anatamka "ng'ombe" vizuri kuliko mimi. Mimi nimemchukua padre. Yaani simu zake, treni zake, na ile habari ya kwamba hali samaki. Tulibishana sana kama tuweke baadhi ya sala kwa Kiingereza kwa ajili ya wake na waume zetu ambao hawajui lugha. Tukakubaliana tafakari iwe kwa lugha yoyote, rozari ibaki kwa Kiswahili. Shemeji yangu Mwairishi sasa anaitikia "utuombee" kwa lafudhi ya Cork na akina mama wanampenda kuliko sisi.

Si kila mtu ameridhika. Wapo wenzetu wanaosema tunawabebesha watu mzigo wa nostalgia, kwamba imani ni imani na parokia ya Kiingereza iko wazi kila siku. Ni kweli iko wazi. Watoto wangu wanabatizwa humo, na watu wake wametufaa mno. Lakini Novemba, mwezi wa marehemu, parokia inapoweka kitabu karibu na altare tuandike majina ya kuombewa, nimeona akina mama wetu wakisubiri foleni iishe. Wanaandika yale majina marefu ya wazazi wao na bibi zao, yale ya ukoo, ambayo yule mzee msomaji atayaruka au kuyavunja. Halafu Jumamosi yake kwenye jumuiya wanayasoma tena, polepole, yote, kila mmoja ya kwake. Nataka siku moja jina la Mama lisomwe hivyo, na mtu aliyewahi kulisikia likiitwa.

Kitabu cha hesabu nimekiacha kilekile. Dada yangu alipendekeza programu ya simu, na kwa michango kweli tunatumia. Ila kaunta buku ya nne nilinunua, nyeusi, kona nyekundu, na ilinichukua maduka matano kuipata. Kalamu nyekundu nilipewa na Mama. Mwezi wa kwanza aliikagua kurasa zote mbili huku nimesimama. Alikuta mahali nimeandika "hajalipa", akakata kwa mstari mmoja, akaandika juu yake "yuko".

Oktoba, mwezi wa rozari, tunazunguka nyumba kwa nyumba kila Jumamosi, na ya tatu ni kwangu. Itakuwa mara ya kwanza jumuiya kusali kwenye nyumba ambayo mwenye zamu ni mwanamume. Mama wa Bukavu amesema atakuja kuangalia tu. Viti ninavyo 11 na nimeazima vingine. Mama ameshanipigia mara mbili kuuliza kama nina sufuria kubwa, na mara ya tatu akampigia mke wangu.